Kiwiko changu na sindano niliyoiacha
Tangu tuanze kupogoa mizabibu hapa Hombolo, kiwiko changu cha kulia kinawaka, na leo asubuhi kikombe cha chai kimeniponyoka.

Mtaalamu wa fiziotherapia mjini Dodoma amenieleza kwamba sindano ya steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe, hutuliza maumivu haraka, lakini utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2013, uliowafuatilia wagonjwa 165 wenye maumivu ya kiwiko kwa mwaka mmoja, ulionyesha kuwa maumivu yalirudi kwa asilimia 54 ya waliochomwa dawa hiyo, dhidi ya asilimia 12 ya waliochomwa sindano isiyo na dawa.

Nimechagua mazoezi.

Nilipoishusha polepole chupa ya maji ya nusu lita, kiganja kikitazama chini, ilitetemeka, nami nikasikia uchungu moyoni, maana mkono huu umebeba matenga ya zabibu.

Ndugu zangu, aliyepitia haya alipona baada ya muda gani?