Pumzi 52

Jamani, nimerudi kutoka zahanati sasa hivi, mikono bado inatetemeka.

Mwanangu wa mwaka na nusu anakohoa tangu juzi. Bibi yake akasema ni upepo wa bahari tu, hapa Mikindani nani hakohoi? Tukamchua mafuta ya nazi, tukalala.

Leo alfajiri naona anahema kama aliyekimbia. Na amelala!

Muuguzi hakukimbilia dawa. "Mama, mpakate kwanza, atulie." Akampandisha fulana, akashika saa, akanyamaza dakika nzima akitazama tumbo linavyopanda na kushuka.

Pumzi 52. Kwa umri wake, mwenye kikohozi akifikisha 40 tayari inahesabiwa nimonia. Akachungulia kama kifua kinabonyea chini ya mbavu. Hakibonyei, alhamdulillahi.

Kapewa amoksilini ya kuyeyusha kwenye maji, vidonge 2 asubuhi, 2 jioni, siku 5. Nimalize zote hata akichangamka. Akishindwa kunyonya au kifua kikianza kubonyea, nikimbie hospitali hata usiku wa manane.

Sasa kalala kifuani kwangu.
Najikuta nahesabu.

Mama wenzangu, wa kwenu ilianzaje? Niambieni.