Kimea cha shayiri: safari hii kimekubali

Jaribio la kwanza la kutengeneza kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa, liliharibika kwa kosa moja tu. Nililoweka kilo nzima ya shayiri siku mbili mfululizo bila kumwaga maji. Mbegu iliyoanza kuamka inahitaji hewa, nami niliizamisha. Asubuhi ya tatu nikakuta povu, harufu ya uchachu, na punje ambazo ukizibonyeza zinatoa ute. Niliumia kuzitupa.

Jumatatu nilianza upya: saa 8 ndani ya maji, saa 8 nje kwenye chujio, kisha narudia. Mizani ndiyo iliyoniambia pa kuishia. Shayiri kavu huwa na maji kama asilimia 12, na ili iote vizuri inatakiwa kufika karibu asilimia 45, kwa hiyo gramu 1,000 zangu zilipaswa kuwa 1,600. Zilifika Jumatano mchana, na kwenye kitako cha punje nyingi palikuwa na nukta nyeupe: mzizi unatoka.

Nikazitandaza sentimita tano hivi, mahali penye nyuzi 16, nikawa nazigeuza mara tatu kwa siku. Msipuuze kugeuza. Mizizi hushikana haraka, na katikati ya rundo joto hupanda.

Sehemu iliyonipendeza kuliko zote ni hii. Mizizi ya shayiri hutoka hadharani, lakini chipukizi hupita kwa siri chini ya ganda, upande wa mgongo wa punje, likielekea ncha ya pili. Huwezi kulijua bila kupasua. Kila jioni nilichana punje kumi kwa wembe. Siku ya pili lilikuwa nusu ya urefu. Siku ya nne, robo tatu na zaidi kidogo. Punje niliyoisugua kati ya vidole ilipukutika ikaacha unga kama chaki, wakati ile ya mwanzo ilikuwa ngumu kama changarawe. Hapo nikasimamisha. Ukisubiri chipukizi lichomoze nje, mmea unakula wanga unaoutaka wewe.

Kukausha kulichukua siku nzima: nyuzi 45 kwanza, hadi mizizi ikawa inavunjika ikishikwa, ndipo nikapandisha hadi 80. Joto kali likikuta punje bado mbichi huua vimeng'enya, yaani protini zinazovunja wanga, na bila vimeng'enya hivyo kimea hakina kazi. Nikasugua mizizi ikatoka, nikapepeta. Zimebaki gramu 840.

Jana nikakijaribu. Nilipika uji mzito wa unga wa shayiri isiyoota, mwiko ukasimama wenyewe. Nikauacha upoe hadi nyuzi 65, nikatia vijiko viwili vya kimea kilichosagwa. Haikupita dakika kumi uji ukalegea, ukamiminika kama maziwa. Baada ya saa moja ulikuwa mtamu, na sukari sikutia hata chembe! Vimeng'enya vilikuwa vimekata wanga kuwa sukari. Ndiyo kazi ileile inayofanyika kwenye pipa la bia, kabla hamira haijatiwa.

Ganda nalo lina hadithi yake. Kwa shayiri ya kawaida limegandamana na punje, halitoki kwa kupepeta kama la ngano, ndiyo maana ya kupikia hukobolewa kwa mashine hadi iwe nyeupe na ya mviringo. Mpishi hulichukia, lakini mtengeneza bia hulitegemea: hutulia chini ya pipa na kuchuja maji matamu. Kukoboa hupunguza nyuzinyuzi, ingawa zile laini zinazosaidia kushusha lehemu (kolesteroli) zimo ndani ya punje yenyewe, kwa hiyo hata iliyokobolewa hubaki nazo nyingi. Angalizo: shayiri ina gluteni, protini ambayo miili ya watu wengine haiivumilii, na kuifanya kimea hakuiondoi. Asiyeivumilia asiiguse.

Nimebakiza gramu 300 ambazo hazijaota. Kesho nazikaanga kwenye kikaango kikavu hadi zifike hudhurungi iliyokolea, nizichemshe kama kinywaji. Nataka kujua kama harufu itafanana na ile iliyotoka kwenye kimea kilipogonga nyuzi 80.