Mlimchinja?

Nimekuja nyumbani Mombasa wiki tatu, na kila nikiketi barazani Kibokoni swali ni lile lile: kuwinda kule kulikuwaje? Mdogo wangu amewaonyesha picha yangu kwenye simu: koti la rangi ya chungwa, bunduki begani, theluji mpaka kwenye vifundo vya miguu. Hilo koti ni sheria ya kule Wisconsin, Marekani, usidhaniwe kulungu na mwindaji mwenzio. Hapa kwetu uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, kwa hivyo vijana walitaka hadithi ya bunduki. Ami yeye alikunywa kahawa yake tu, kimya.

Niliwavunja moyo. Kufyatua ni kitu cha dakika moja. Kazi huanza baadaye. Kulungu wangu hakuanguka. Alikunja mgongo, akatokomea msituni. Nikainuka nimkimbilie, na jirani yangu, mzee wa kule aliyenifunza, akanivuta koti: keti.

Tulikaa nusu saa, kisha tukanyata mpaka pale alipokuwa amesimama. Damu ya waridi yenye povu ni ya mapafu, na mnyama huyo hafiki mbali. Ikiwa na ukijani na kunuka nyasi za tumboni, risasi imepita kwenye utumbo. Muache saa nane, hata kumi na mbili. Yangu ilikuwa nyekundu iliyoiva, karibu na weusi. Ini. Mzee akatundika kipande cha karatasi ya chooni kwenye kijiti, akasema turudi saa sita mchana. Ilikuwa saa mbili asubuhi.

Saa nne zile ndizo ngumu. Unajua kuna kiumbe kinateseka kwa mkono wako, nawe unakunywa chai. Lakini ukimuacha, hulala karibu na kufia hapo hapo. Ukimfukuza, atajikokota kilomita kadhaa na pengine usimpate kabisa. Baridi ya kule inahifadhi nyama. Kwa jua letu hili, nzi wangekutangulia.

Tuliporudi tulitembea kandokando ya damu, tusiikanyage, kila tone na kipande chake cha karatasi. Ukigeuka nyuma, vile vipande vinakuonyesha alikuwa akielekea wapi. Mara damu ikakatika. Tukazunguka pale kwenye karatasi ya mwisho, tukiinama na kupindua majani makavu, mpaka nikaona doa kwenye shina la mti, usawa wa paja langu. Hatua hamsini mbele tukamkuta kando ya kijito, ameshakufa.

Hapo ndipo Ami alipoweka kikombe chini.

"Mlimchinja?"

"Tulimkuta amekufa, Ami."

"Ulipofyatua, ulisema Bismillahi?"

"Nilisema."

"Alikuwa na jeraha jingine? La mbwa mwitu, la mtu mwingine?"

"Hapana. Tundu langu moja tu."

Akawageukia vijana, akawaeleza kwamba risasi inatoboa kama mshale, si kama jiwe linaloponda, na mshale una hukumu yake: anayekufa kwa huo huliwa hata bila kuchinjwa. Kisha akanirudia.

"Umesema kando ya kijito. Kichwa kilikuwa majini?"

Nikafikiri. Pua ilikuwa kwenye kokoto, maji yakipita shibiri moja hivi mbele yake.

"Nje, Ami."

"Angekuwa majini usingemla, maana hungejua kama ni wewe uliyemuua au ni maji." Akasukuma sahani ya halua mbele yangu. "Na nyama yetu iko wapi?"