Tulivyookoa kituo chetu cha maziwa Tanga bila kununua tangi jipya

Nilipochaguliwa katibu wa chama chetu cha wafugaji, upande wa Pongwe nje kidogo ya mji wa Tanga, kilio kilikuwa kimoja: maziwa yanarudishwa. Kiwanda kikiyakataa, hasara inagawanywa kwa wote, aliyeleta mazuri na aliyeleta mabovu. Wanachama wakaanza kuuza kwa wachuuzi, na chama kikawa kinakufa tukikiangalia.

Mwaka huo, 2024, ilikuwa imerudi baada ya kusimamishwa ile mikopo ya asilimia 10, yaani sehemu ya mapato ya ndani ya halmashauri wanayokopeshwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Wajumbe wengi walitaka akina mama waunde kikundi, waombe kwenye fungu lao la asilimia 4, tununue tangi kubwa la kupozea. Nilipinga. Tangi hupoza maziwa, haliponyi yaliyokwisha kuharibikia njiani. Niliomba kwanza niachwe nikae mapokezini asubuhi, niangalie kazi inavyokwenda.

Jambo la kwanza nililoliona liliniuma sana. Mpokeaji alitumbukiza laktomita, kile kipimo cha kugundua maziwa yaliyotiwa maji, kwenye maziwa ya moto ya mama mmoja mtu mzima, akasoma 26, akatangaza mbele ya foleni, "Haya yana maji." Yule mama akamjibu, "Mwanangu, nianze wizi uzeeni?" Nilimwamini. Laktomita yetu imetengenezwa kusomwa maziwa yakiwa na nyuzijoto 20, na maziwa yaliyotoka kukamuliwa, kwa joto hili la Tanga, hufika kituoni yakiwa bado na 32 au zaidi. Kwa kila nyuzi iliyozidi 20 unaongeza takriban 0.2. Tuliazima kipimajoto, kikasoma 32, tukapiga hesabu: 26 ikawa 28.4, na maziwa yasiyotiwa maji husoma kati ya 28 na 32. Nilimsihi mpokeaji amwombe mama radhi palepale, watu wale wale wakisikia, naye akafanya hivyo kiungwana. Siku hizi kipimajoto kinaning'inia pale mezani, na jedwali la kuongeza limebandikwa ukutani, mfugaji anajisomea mwenyewe.

Kuhusu kuharibika, tuligeuza mpangilio tu. Zamani maziwa ya watu yalichanganywa kwenye keni kubwa, ndipo yanapimwa. Sasa ya kila mmoja yanapimwa kabla ya kumiminwa: unachanganya maziwa na spiriti ya asilimia 70 kwa kiasi sawa, unatikisa, yakifanya chembechembe yanarudi kwa mwenyewe. Haikuchukua muda tukajua mabovu yanatoka wapi. Mengi yalikuwa yanaletwa na vijana wa bodaboda wa njia ndefu. Walilipwa kwa lita walizobeba, kwa hiyo walizunguka mpaka madumu yajae, jua likipanda na vijidudu vikizaana.

Tukakubaliana nao walipwe kwa lita zilizopokelewa. Sikuweka amri hata moja ya saa. Wenyewe walianza kupitia nyumba za mbali kwanza, na wenyewe wakawa wanamwambia mfugaji, "Shikamoo mzee, lakini dumu hili la mdomo mwembamba mkono hauingii kulisugua, leo sibebi." Hapo ndipo watu walipokubali keni za aluminiamu, tukazikata kidogo kidogo kwenye malipo ya nusu mwezi. Kwangu mimi badiliko hili la malipo ndilo lililofanya kazi kubwa kuliko yote, na halikutugharimu shilingi.

Daftari nalo lilisaidia. Kila mfugaji ana lake, lita na kipimo vinaandikwa hapo hapo kabla hajaondoka, na lazima lilingane na la kituo. Maswali ya siku ya malipo yamepungua mno.

Kiwanda bado hurudisha maziwa mara mojamoja, hasa masika njia zikiharibika, ila sasa hasara haimwangukii asiyehusika. Waliokuwa wamehamia kwa wachuuzi wengi wamerudi. Kilichobaki ni maziwa ya jioni, ambayo hatuna uwezo wa kuyapokea kwa sababu tangi hujaa asubuhi. Kwa hiyo akina mama sasa wanaandaa maombi yao ya mkopo halmashauri, na safari hii nimewasaidia kuyaandika.