Askari Waliomwuliza Yohana (Luka 3:14)

Wapendwa katika Bwana,

Katika umati uliomwendea Yohana Mbatizaji walikuwamo askari, nao wakauliza wafanye nini. Yohana hakuwaambia waache jeshi. Aliwaambia wasimdhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, na watoshewe na mishahara yao. Jibu hilo linawahusu sana watoto wetu walioko UPDF, yaani jeshi la Uganda, hasa wale wasio na nyota mabegani, ambao kutwa nzima kazi yao ni kuitikia "ndiyo, afande".

Kuruta wa Kaweweta, chuo cha mafunzo ya jeshi hilo, hufundishwa kutii kabla ya mengine yote, na wengi wao hata Kiswahili hukizoea kwa amri za gwaride. Mbele ya mkubwa wake hana kauli. Lakini huyohuyo akiwekwa kwenye kizuizi cha barabarani, bunduki begani, mbele ya mama aliyejitwika beseni la ndizi, yeye ndiye mkubwa. Akinyoosha mkono na kuchukua chana moja, nani atamkataza? Hata wapiganaji wa NRA, jeshi la msituni ambalo baadaye lilikuja kuwa UPDF, walipokuwa msituni Luwero, walijiwekea kanuni za mwenendo zilizokataza kuchukua mali ya raia bila kulipa, iwe ni ndizi mbivu au muwa tu, kwa kuwa raia aliyeporwa muwa leo hatamficha mpiganaji kesho.

Neno la mishahara ni gumu, na sisi wahubiri tusilitamke upesi mbele ya praiveti anayedaiwa karo ya watoto watatu. Yohana hakusema kwamba mshahara unatosha. Alikataza upungufu wake usijaziwe kutoka kwenye beseni la mtu mwingine. Kwa sababu hiyo, akiba ndogo ambayo askari huiweka Wazalendo SACCO, chama cha akiba na mikopo cha wanajeshi, mimi naihesabu kuwa sehemu ya utii wake kwa Mungu, ingawa najua wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya fedha tu.

Baadaye Herode alimtuma askari gerezani alete kichwa cha Yohana (Marko 6:27). Askari huyo hakupora kitu cha mtu, na yamkini mshahara wake ulimtosha; alitii amri tu. Basi wiki hii tuwaombee walioko kambini, pamoja na vijana wetu ambao tangu mwaka 2007 wamekuwa wakipelekwa Somalia, lakini tuwaombee zaidi makamanda wao, maana amri hutoka kwao.