Namba Iliyoshonwa

Usiku wa kuamkia mbio mama alikaa kitandani na sindano, akiishonea namba ya mdogo wangu kwenye fulana. Sisi wengine tungebandika zetu kwa pini asubuhi. Yeye pini hazivumilii. Hata ile lebo ya shingoni lazima ikatwe, la sivyo atavua nguo njiani. Mama alipomaliza alipitisha shavu lake kwa ndani ya fulana, taratibu, kuhakikisha hakuna uzi unaokwaruza.

Mdogo wangu alikuwa na miaka tisa, na ana usonji (autism). Usonji hauna kipimo cha damu. Mtaalamu hukaa na mtoto, akamtazama anavyocheza na anavyoitika, akawauliza wazazi. Sisi mara ya kwanza tulitazamwa juujuu tu, mama akaambiwa mtoto hasemi kwa kuwa yeye hamsemeshi. Mama, aliyemlea mgongoni huku akikaanga viazi karai vya kuuza! Huku kwetu Kibokoni, Mombasa, nako kulikuwa na wanong'onao mashetani. Alikonda mwaka ule.

Aliyemtua mzigo ni daktari mwingine, aliyemsimulia habari ya mapacha. Mwaka 1977, Uingereza, Susan Folstein na Michael Rutter waliwachunguza mapacha jozi 21, kila jozi ikiwa na angalau mmoja mwenye usonji. Katika jozi 11 za wanaofanana, waliorithi vinasaba vilevile, jozi nne wote wawili walikuwa na usonji. Katika jozi 10 za wasiofanana, hakuna hata moja. Kumbe kuna kinachorithiwa, wala si malezi ya mama. Siku hiyo mama alirudi nyumbani, akajifunika leso, akalala mpaka magharibi.

Basi tuliposikia mbio za hisani za kuchangia utafiti wa usonji, hakutaka ushauri wa mtu. Alizunguka mtaani na daftari, kila mtu aandike ahadi yake kwa kilomita. Mzee muuza kahawa aliandika shilingi 50, ila aliuliza: "Mwanangu, utafiti wa nini? Si bora hela hizi akatibiwe mtoto?"

"Utafiti ndio ulionisafisha mimi, baba," mama akamjibu, na daftari akalifunga.

Jumapili yenyewe, bustani ya Mama Ngina kando ya bahari ilijaa. Honi ya kuanzia ilipolia, mdogo wangu aliketi chini pale pale, mikono masikioni. Watu wakatupita kushoto na kulia. Baba alichutama mbele yake akamkinga, hakumvuta, hakumhimiza. Wote walipokwisha kupotea ndipo akainuka mwenyewe, akaanza kukimbia kwa ncha za vidole kama kawaida yake, akivuma wimbo usio na maneno. Tulikimbia hivyo, sisi wanne peke yetu, mpaka feri ya Likoni ilipoonekana chini ikivuka. Hapo alisimama. Feri anazipenda kuliko chochote, na hatukumwondoa mpaka zilipovuka sita.

Kati ya kilomita tano tulimaliza tatu.

Jioni mama alimpelekea mzee hesabu: shilingi 150. Mzee aliweka dele chini, akahesabu noti, kisha akauliza wale mapacha walikuwa wangapi.

"Jozi 21."

"Wachache hao," akasema, akaongeza noti ya mia juu yake. "Watafutwe wengine."