Nilivyoimudu get kwa kutazama neno linalofuata

Kamusi kubwa za Kiingereza huijazia get safu baada ya safu za maana, na anayejaribu kuzikariri zote huchoka mapema. Njia iliyonifaa ni kuiacha get yenyewe na kutazama kinachoifuata, kisha kutafuta kitenzi kimoja cha Kiswahili kinachobeba vyote viwili.

Ikifuata nomino, kwa kawaida ni kupata, kupokea, kununua au kuleta: "get a job", "get a letter", "get some bread", "get me a chair". Pakifuata mahali, ni kufika: "we got to Morogoro at noon". Hapo "to" haikwepeki, isipokuwa mbele ya "home", "here" na "there". Haisemwi "get to home".

Kikifuata kivumishi, Mswahili ana nafasi nzuri ya kuielewa get haraka. "Get tired" ni kuchoka, "get angry" kukasirika, "get old" kuzeeka, "get wet" kulowa. Sisi huyaweka mabadiliko ndani ya kitenzi. Kiingereza huyakabidhi get na kuacha kivumishi kitaje hali inayofikiwa. Kwa hiyo "I am angry" ni nimekasirika, na "I am getting angry" ni hasira zinanipanda. Nomino haiingii katika muundo huu. "He got a teacher" maana yake alipata mwalimu. Aliyesomea ualimu akahitimu, "he became a teacher".

Kisha kuna umbo la tatu la kitenzi, lile la "gone" katika go, went, gone. Get ikitangulia umbo hilo, weka -wa ya kutendwa: "get paid" kulipwa, "get robbed" kuibiwa, "get fired" kufukuzwa kazi. Ni lugha ya mazungumzo. Katika barua ya ofisi mimi huandika "was paid". Kitu kikiingia katikati, kwa kawaida kazi imefanywa na mwingine: "I got my phone fixed", fundi amenitengenezea simu. Akiingia mtu katikati, ni kumshawishi au kumfanya atende: "I got him to lower the price". Hapo "to" ni lazima, ingawa make yenye maana ya karibu huikataa: "I made him lower the price". Wengi huchanganya miundo hii miwili kwa sababu Kiswahili hutumia nilimfanya kwa yote.

Linalostahili uangalifu kuliko yote ni pata yetu wenyewe, kwa kuwa inakwenda mahali ambapo get haifiki. Kupata ajali ni "have an accident", si "get an accident", kosa linalosikika sana Afrika Mashariki hata kwa wasomi. Kupata faida ni "make a profit", kupata hasara "make a loss", kupata mtoto "have a baby". Kupata mimba ni "get pregnant", lakini hapo "pregnant" ni kivumishi, na kanuni ya juu imefuatwa. Haya hayakisiwi, niliyaandika ukurasa mmoja wa daftari na kuyasoma kwa sauti mpaka yakakaa mdomoni.

"I've got a car" ni nina gari, wakati uliopo kabisa, japo "got" inaonekana ya zamani. Mmarekani akisema "I've gotten a car" anamaanisha amelipata. Mwingereza wa leo kwa kawaida haitumii "gotten".

Kwenye vyombo vya safari, unachopanda na kusimama au kutembea ndani yake, na unachokikalia kwa kupanua miguu, huchukua "on" na "off" baada ya get: basi, treni, ndege, pikipiki. Gari dogo na teksi huchukua "in" na "out of".

Get ikiungana na vijineno kama hivyo, angalia pia mahali pa "it". "Get it back", kukirudisha kitu mikononi mwako, huweka "it" katikati. "Get over it", kulisahau jambo lililokuumiza, huiweka mwishoni, na ukisema "get it over" msikilizaji hataisikia maana hiyo.